Wimbo Uliosikika Mchikichini

Kelele za Kariakoo hazina mwenyewe. Wauza viatu hunadi, wasukuma mikokoteni hudai njia, na kila duka lenye spika huielekeza barabarani kana kwamba wapita njia ni viziwi. Nassibu, mtunzi na mwimbaji mwenyeji wa Masasi, alizipenda kelele hizo, maana ndani yake zilikuwamo nyimbo zake. Studio yake ilikuwa juu ya ghorofa moja katika Mtaa wa Narung'ombe, na dirisha hakulifunga kamwe. Alichokichukia kwa roho yake yote ni wizi.

Na alikuwa na haki ya kuchukia. Tangu biashara ilipofunguliwa milango na kila mtu akawa huru kuuza apendacho, jasho lake liliuzwa na watu asiowajua. Zilianza kanda, zikaja sidii, kisha ukaingia mtandao, na hapo ndipo maji yalipozidi unga. Wimbo ulitoka asubuhi. Adhuhuri ulikuwa umekwisha kupakiwa na watu chungu nzima, wengine wamebandika sura zao juu yake.

"Nafuga kuku, mayai wanakula vicheche!" alilalamika kila siku.

Basi aliposikia kwamba yuko wakala wa ng'ambo mwenye mashine ya kusaka nyimbo mtandaoni na kuziondoa bila kumuuliza mtu, alijiandikisha mbio. Bhargav, fundi wake wa kompyuta, alijaribu kumtahadharisha.

"Kaka, mashine hii ina masikio, haina macho. Haimjui mwizi wala mpita njia."

"Iache ifyeke," Nassibu alijibu. "Magugu yakiwa mengi, mkulima hachagui jani."

Mashine ikafyeka kweli. Video zikaanguka moja baada ya nyingine, naye Nassibu akawa anachekelea kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake.

Siku hizo kulikuwa na kizaazaa Mchikichini. Walinzi wa kukodiwa walikuja kuwaondoa wauza mitumba waliopanga meza pembezoni mwa njia. Mmoja wao akampiga Bakili, muuza suruali, rungu la bega, kisha akageuza kibao na kudai kwamba Bakili ndiye aliyemvamia. Bakili akaishia rumande. Jirani yake wa meza, Violeth, alikuwa amerekodi mkasa wote kwa simu na kuurusha mtandaoni palepale. Ilikuwa bahati, kwani muda si muda walinzi walimpokonya ile simu wakaiponda kwa kisigino.

Bahati hiyo haikudumu. Kesho yake Violeth alipotafuta video kwa simu ya kuazima, alikuta maandishi tu: imeondolewa kwa madai ya hakimiliki ya Nassibu. Wakati Bakili anapigwa, duka la nyuma yao lilikuwa likipiga wimbo wa Nassibu.

Violeth alipanda ngazi za Narung'ombe akihema. Alikaribishwa kiti, akaeleza yote bila kuficha.

"Kaka Nassibu, sitaki kitu chako. Mwandikie wakala wako mstari mmoja tu kwamba video ile umeiruhusu. Kesi ya Bakili imekaribia, na ushahidi mwingine hatuna."

"Wimbo wangu umo?"

"Unasikika kwa mbali, dukani."

"Basi umo. Nikikuachia wewe, kesho nitakuwa na foleni mpaka Msimbazi. Sheria ni sheria, dada yangu."

Violeth akasimama. "Sheria? Si wewe uliyewagawia wenye maduka nyimbo bure wazipige barabarani ili usikike? Haya, umesikika. Sasa mwenye masikio ndiye mwizi? Tukipigwa, tuombe kwanza muziki uzimwe?"

Nassibu akajifanya anapokea simu.

Mahakamani neno la Violeth lilikuwa moja dhidi ya maneno ya walinzi watatu. Kesi ikaahirishwa, Bakili akarudishwa rumande, na meza yake Mchikichini ikapata mwenyewe mwingine.

Nassibu hakujua hayo, wala hakuuliza. Alikuwa amezama katika wimbo mpya, aliousuka juu ya ngoma aliyoirekodi mwenyewe kijijini, bibi yake mzaa mama akiwaongoza akina mama wenzake. Aliutoa Ijumaa, watu wakaupokea kwa vigelegele. Jumatatu alipofungua kompyuta, chaneli yake ya mtandaoni haikuwapo. Kampuni moja ya mbali, asiyopata hata kuisikia, ilidai kwamba mdundo ule ni mali yake. Nyimbo zake zote, jasho la nusu ya umri wake, zilikuwa zimetoweka.

Aliandika malalamiko kwa wenye mtandao. Akajibiwa: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Thibitisha kwamba wewe ni mmiliki." Akaeleza habari za bibi. Akajibiwa: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Maelezo yako hayakidhi vigezo." Akatuma picha ya bibi akiwa na ngoma yake. Wakasema haifunguki. Akaomba namba ya simu ya mtu wa kuzungumza naye. Wakampa kiungo kilichomrudisha palepale alipoanzia. Akaandika kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiingereza, mwisho akaandika kwa herufi kubwa tupu. Wakamshukuru kwa kuwasiliana nao.

"Hivi huko hakuna binadamu?" alifoka, akipiga meza mpaka kikombe kikaruka. "Wananihukumu bila kuniuliza! Mtu mmoja tu mwenye akili aandike mstari mmoja, basi!"

Bhargav hakuinua macho. "Mstari mmoja, kaka. Ndio aliouomba Violeth."

Nassibu akaivuta kompyuta, akamwandikia wakala wake aiachie ile video. Hata hilo halikuwa rahisi; naye alishukuriwa kwa kuwasiliana, akasukumwa huku na huku, akapiga simu hadi sauti ikamkauka. Hatimaye video ikarudi. Hakimu aliitazama, akairudia, akamwachia huru Bakili na kuagiza walinzi wachunguzwe.

Nje ya mahakama Nassibu alimsogelea Bakili, aliyekuwa amekonda na bega limepinda.

"Ndugu yangu, nisamehe."

Bakili alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Mimi nimeshatoka, kaka. Wewe utatoka lini?"

Chaneli ya Nassibu ilikuwa bado imefungwa na hapakuwa na mtu wa kumlilia. Alishuka kuelekea Kariakoo akizisikia nyimbo zake zikipigwa dukani, akaamini bila kuhitaji kufundishwa: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.