Tundu Lililorukwa

Haya, sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso, maana leo nitawauliza na wa kukwepa simtaki.

Mwanahadie alikuwa na mkono wa kuchora nakshi za kofia. Wifi yake Amria alikuwa na mkono wa kushona, na mdomo nao Mungu hakumnyima. Jirani yao Maalimu Shekuwe alikuwa na kalamu. Barua yake hata adui aliisoma mara mbili.

Siku moja Mwanahadie akaiona nakshi yake, Jicho la Kware, kwenye kofia za mashine dukani kwa Bwana Famau. Damu ikamchemka. Akamwandikia Famau barua mwenyewe: "Mwizi mkubwa wee! Toa kofia zangu ama utaozea jela!"

Lahaula! Famau alikuwa muuzaji tu. Kofia zilitoka kiwandani. Na sheria ya mji ule ilikataza kumtisha muuzaji kwa haki usiyoithibitisha. Famau akajibu: lete ushahidi ndani ya siku saba, la sivyo nakushtaki wewe. Mwanahadie akawa hali, hanywi. Akishindwa, nakshi si yake tena.

Siku ya tatu Amria akaigeuza kofia ya dukani, akacheka hadi akakaa chini. "Wifi, unakumbuka uliponitukana kwa kuruka tundu kwenye ua la nne? Tazama! Wamenakili mpaka kosa langu!"

Kweli, kila kofia, ua la nne, tundu moja la nakshi halipo, sawasawa na kofia ya kwanza aliyoishona Amria.

Maalimu akaenda dukani, akaiomba ile barua ya matusi, akaichana. Akamwomba Famau radhi, kisha akakiandikia kiwanda: nakshi ni hii, ilichorwa siku fulani, kosa liko hapa, acheni. "Ukali bila ushahidi humrudia mwenyewe, mwanangu," akamwambia Mwanahadie.

Siku ya sita kiwanda kikanyoosha mikono: "Tumekosa. Ndani ya kila kofia tutaandika jina la mwenye nakshi. Jina moja tu. Tuleteeni kesho."

Mwanahadie akadaka kalamu. "Imetoka kichwani mwangu!"

"Na kichwa hicho kingekuwa mahakamani, lau si kosa langu," Amria akamkata.

Maalimu akakohoa. "Na kosa lingebaki kosa, lau si barua."

Machozi yakamlenga Mwanahadie. Alitaka kubisha, lakini wote wawili walisema kweli, akaiweka kalamu chini.

Karatasi ya kuandikia jina mpaka sasa ni tupu. Haya, nyie mliokuwa mkicheka: je, wewe ungeandika jina la nani?