Nambua Aliyekipaka Kijito Rangi

Sogeeni, wajukuu zangu, sauti yangu haina miguu ya kuwafuata. Zamani, zamani kabla jembe la chuma halijapanda mlima huu, palikuwa na kijito. Si mto, kijito ambacho mbuzi hukiruka bila kuacha kutafuna.

Kilizaliwa msituni, chini ya mizizi ya mkuyu. Kikashuka, kikashuka, kikapita kijiji cha Juu. Kikafika penye mwamba wenye shimo, kikazama ardhini, kikapotea. Mbali bondeni, kijiji cha Chini kilikuwa na chemchemi. Je, ni maji yale yale? Hakuna aliyejua.

Mwaka mmoja watu wa Juu wakajenga ukingo ili wapeleke kijito chote kwenye migomba yao. Lilibaki jiwe la mwisho. Nambua, mfinyanzi wa Chini, akapanda mlima na wenzake. Sheria ya mlima aliijua: wanaokunywa kijito kimoja hupeana zamu.

"Kijito chetu kikizama huenda kwa wahenga," akasema Mavura, mkuu wa Juu. "Chemchemi yenu ina mama yake mwingine."

"Baba Mavura, nipe siku mbili. Nitakuonyesha ni kimoja."

"Usipoonyesha?"

"Tutahamia nyikani, na vyungu vyangu vyote nitakuachia."

"Vyenyewe vinavuja!" akadakia mke wa Mavura. Watu wakacheka, hata wa Chini wakacheka kidogo.

Siku ya kwanza Nambua akamwaga shimoni vikapu vitatu vya pumba za mtama. Kwenye chemchemi watu wakakodoa macho. Maji yakatoka meupe. Jua likainama, meupe. Hata pumba moja haikutoka!

"Fungeni mizigo," akasema Mavura. "Nyika ni pana."

Nambua akarudi nyumbani. Akakaa mbele ya vyungu vyake, akawaza. Pumba huelea, mle ndani zimenasa kwenye dari la mwamba. Ngeu je, ule udongo mwekundu wa kupaka vyungu? Ukiukoroga vizuri, hauelei wala hauzami. Huwa maji.

Alikuwa na akiba ya mwaka mzima, aliyoichimba kwenye mteremko wa mbali. Akaitwanga yote. Mnasikia, watoto? Yote!

Asubuhi ya pili akaikoroga, akaimwaga shimoni, mtungi baada ya mtungi. Kisha akateremka mbio.

Mavura alikuwa amekaa kwenye chemchemi kama shahidi, amechoka kungoja. Jua lilipofika utosini akainama, akachota kwa viganja, akanawa uso bila kutazama.

"Mzee," akasema Nambua taratibu, "ndevu zako."

Mavura akajishika kidevu. Kidole chekundu! Akatazama chini: chemchemi nzima nyekundu, inatiririka kati ya mashamba ya mtama.

Wanawake wa Chini wakapiga vigelegele, vikapanda mlima mpaka Juu wakavisikia.

"Wahenga wako wanapaka vyungu, Baba Mavura?" akauliza Nambua.

Mzee akacheka mwenyewe, mashavu mekundu. "Asubuhi Juu," akatangaza, "alasiri Chini. Na ukingo ubomolewe leo."

Ukabomolewa jiwe kwa jiwe, na Nambua ndiye aliyeng'oa la kwanza.

Basi, wajukuu zangu, msiseme kijito kimeishia pale macho yenu yalipoishia. Kisa kimefika bondeni. Aliyekuwa na kiu amekunywa.