Mgeni wa Nyumba Moja

Siku zile wanyama walipokuwa bado wanaamini mikutano, mvua iligoma misimu mitatu mfululizo. Mito ikabaki mchanga, nyasi zikawa vumbi, na hata Fisi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuchagua chakula, akaanza kulalamika kwamba mifupa ya mwaka huo haina ladha. Walionusurika walihamia bonde moja lenye chemchemi ndogo iliyokuwa bado inatoa maji. Walipokwisha kunywa wakaambiana kwamba wameteseka vya kutosha kwa kuishi kama wanyama. Sasa watajenga mji mwema.

Mkutano ulikuwa wa kupendeza sana. Kila mmoja aliombwa aseme mji mwema unahitaji nini, na kwa bahati nzuri kila mmoja akagundua kwamba unahitaji kile kile alichokuwa akikitamani yeye. Simba alisema hakuna mji mwema usio na kiti kirefu cha mkubwa wake, tena kivulini. Ngiri aliomba matope. Fisi alisema mji unahitaji karamu, na alipotaja hilo neno mate yakamjaa kinywani, hotuba ikaishia hapo. Bi Kanga, aliyekaa nyuma na vifaranga wake tisa, alisema unahitaji mfereji wa kutoa maji chemchemini hadi mashambani, na kila mtu ashike jembe. Wakamshukuru kwa adabu, kisha wakaendelea na mambo makubwa.

Ndipo aliposimama Sungura. Yeye alisema mji mwema hauhitaji kitu ila upendo. Simba alikuwa ameshapendekeza mji uitwe kwa jina lake, lakini Sungura alimwinamia, akasema kwa sauti ya upole, "Tuuite Nyumba Moja. Humu hakuna kwangu wala kwako. Sisi sote ni watu wa nyumba moja."

Ngiri alilia machozi. Simba alinuna kidogo, mpaka alipokumbushwa kwamba kila nyumba ina baba yake, na kwamba baba mwenyewe yuko pale pale. Hapo akaridhika, akaapa mbele ya wote kwamba mtu wa Nyumba Moja hatamgusa hata kwa ukucha. Tangu siku hiyo akawa anakula kambare wa matopeni, na wapita njia wawili watatu ambao kiapo hakikuwataja. Kila akimeza kambare alifumba macho.

Kwa kuwa Sungura ndiye aliyesema maneno matamu kuliko wote, akapewa kazi ya kutunga sheria. Alizitunga haraka, na ile aliyoitunga kwa moyo ilikuwa sheria ya wageni. Mgeni asiulizwe kazi. Apewe kilicho bora ndani. Lakini asikae bure zaidi ya siku mbili katika nyumba moja. Siku ya tatu ashike jembe kama wenyeji. Bi Kanga aliisikiliza mara mbili, akaona ina haki ndani yake, akapiga makofi kwa mabawa yote mawili. Baadaye aliyajutia yale makofi.

Siku ya kugawana viwanja, kila mnyama alichukua chake. Sungura alikataa. Alisema yeye ni mtumishi wa watu tu, na mtumishi wa watu ana haja gani ya nyumba? Wanyama walitazamana kwa kuona haya, kila mmoja akikificha kiwanja chake nyuma ya mkia. Hawakuwahi kuona unyenyekevu kama ule.

Na asiye na nyumba, akilala kwako, ni nani? Ni mgeni.

Siku mbili za kwanza alilala kwa Ngiri, akala viazi vyote vitamu akimwita mwenyeji wake shemeji, ingawa hakuna aliyemjua dada wa yeyote kati yao. Siku ya tatu asubuhi na mapema alihamia kwa Nyani. Kutoka kwa Nyani akaenda kwa Swala, kutoka kwa Swala akaenda kwa Kobe. Mchana, wenzake walipokuwa wanachimba mfereji juani, yeye alipita ukingoni na tumbo lake, mikono mgongoni, akiwaambia, "Poleni na kazi, ndugu zangu." Nao, kwa kuwa adabu ni adabu, waliinua vichwa wakajibu kwamba wameshapoa.

Fisi alijaribu kumwiga. Alitangaza kwamba naye ni mtumishi wa watu, akaingia kwa Ngiri kama mgeni, na kabla jua halijatua alikuwa ameshakula chakula, ngozi ya kulalia, na kamba iliyokuwa inafungia mlango. Walimfukuza kwa mawe. Hivi ndivyo ilivyo: hata kula vya bure kunataka akili.

Siku ya thelathini na tisa zamu ikafika kwa Bi Kanga.

Bi Kanga hakuwa na viazi. Alikuwa na mchwa, mizizi, na kibuyu kimoja kilichojaa mbegu za mtama. Kibuyu hicho alikibeba shingoni kutoka kwao, siku kumi na mbili za njia. Alianza safari na vifaranga kumi. Wa kumi alikufa kwa njaa chini ya kichaka, mdomo wazi, na mama yake amekaa pembeni na kibuyu kimejaa. Hakukifungua. Alijua kwamba akikifungua kwa ajili ya mmoja, wote watakufa mwaka ujao. Toka hapo kila akikishika kile kibuyu aliuona tena ule mdomo wazi, lakini alikishika kila siku kuhakikisha kipo.

Alimwandalia mgeni mchwa vizuri kwenye jani. Sungura aliutazama ule mchwa kwa huruma, kisha akatazama juu darini, kibuyu kilikoning'inia.

"Na kile kibuyu, Bi Kanga?"

"Ni mbegu."

"Mbegu ni chakula ambacho hakijapata moto," alisema Sungura. "Na sheria inasema kilicho bora ndani. Au mimi ndiye niliyeisikia vibaya?"

Bi Kanga alikiteremsha kibuyu. Sheria aliipigia makofi mwenyewe. Alipika uji wa nusu ya mbegu, na vifaranga tisa wakajipanga kumtazama mgeni akiramba kijiko. Hata mmoja hakuomba. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba wanawe walishajifunza kutoomba.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Sungura alijinyoosha mkekani akaagiza ile nusu iliyobaki. Alisema aharakishe, maana siku yake ya pili inakwisha na kesho asubuhi anahamia kwa Kima. Alipoona mwenyeji wake amesimama na mwiko bila kusogea, akacheka kicheko cha udugu.

"Usiwe na choyo, Bi Kanga. Kwako ni kwangu. Si tuko nyumba moja?"

Bi Kanga aliweka mwiko chini. Alirudia yale maneno moyoni, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili taratibu zaidi. Halafu akakifunga kibuyu, akakivaa shingoni, akachukua jembe lake na kutoka bila kuaga. Vifaranga wakamfuata mstari mmoja. Sungura naye akafuata, kwa kuwa chakula chake kilikuwa kinaondoka.

Wanyama walikuwa mferejini, wamefika penye mwamba, wamechoka hoi. Simba alikuwa kwenye kiti chake kirefu, mbele yake kambare wawili. Bi Kanga alimwamkia kwa heshima zote, akaomba kuuliza jambo dogo, maana yeye ni mjinga na sheria zimetungwa na wenye akili.

"Mzee Simba, mji wetu huu unaitwaje?"

"Nyumba Moja," alisema Simba kwa uchovu. Jina lile lilikuwa bado halijamwingia.

"Na mgeni anaruhusiwa kukaa bure siku ngapi katika nyumba moja?"

Majembe yote yalisimama. Hata Fisi aliacha kutafuna.

Sungura alikuwa wa kwanza kuelewa, akacheka, akaeleza kwamba Bi Kanga amechanganya. Nyumba moja ya kwenye sheria ni nyumba ya mtu, yenye mlango na jiko. Nyumba Moja ya mji ni jina tu la kupendezesha. Haiwezekani kabisa mtu mwenye akili timamu kudhani kwamba mji mzima ni nyumba moja kweli kweli.

"Kwa hiyo ni jina tu," alisema Bi Kanga. "Wewe siyo mtu wa nyumba hii."

Simba aliinua kichwa. Aliwasukuma kambare pembeni kwa kidole kimoja, akateremka kutoka kwenye kiti, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi.

"Sungura, niliapa nisimguse mtu wa Nyumba Moja," alisema. "Kama wewe si wa humu, tafadhali niambie wazi. Sipendi kuvunja kiapo. Lakini hawa kambare wamenichosha."

Sungura alitazama kushoto akaona ukingo wa bonde, na nje yake jua na vumbi. Alitazama kulia akaona meno. Masikio yake marefu yalilala mgongoni yenyewe. Akasema kwa sauti nyembamba kwamba yeye ni mtu wa Nyumba Moja, tena wa damu, tena ndiye aliyeipa jina.

"Basi umekaa humu siku arobaini," alisema Bi Kanga. Akamwekea jembe mikononi. Lilikuwa zito, mpini wake umelainika kwa jasho la mwingine.

Wakampa sehemu ya mwamba, kwa heshima ya cheo chake. Alichimba mpaka malengelenge yakapasuka, na siku ya tisa maji yakapita, yakaingia mashambani yakiwa na matope. Bi Kanga alipanda ile nusu ya mbegu. Mtama ulipoota, alihesabu vifaranga wake tisa, akakaa kwenye tuta akamlilia yule wa kumi, kwa sababu sasa alikuwa na nafasi ya kumlilia.

Sungura alipewa kazi ya kupalilia. Kila mchana Ngiri alipita ukingoni polepole, mikono mgongoni, akamwambia, "Pole na kazi, shemeji." Naye, kwa kuwa adabu ni adabu, aliinua kichwa akajibu kwamba ameshapoa.

Mji mwema wenyewe sijui kama waliumaliza. Mara ya mwisho niliposikia habari zao, walikuwa bado wanajadili kivuli cha kiti cha Simba. Ila sheria ile moja ilitoka bondeni ikaenea nchi nzima, na siku hizi hata asiyejua ilikotoka hukwambia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.