Bizari na Kwikwi ya Bwana Harusi

Hapo zamani, katika kijiji kilichopenda pilau kuliko usingizi, palikuwa na mpishi wa harusi, Bi Time. Tangu mbuzi wake afe, chai yake ilikuwa ya rangi, na jicho lake halikubanduka kwa mbuzi wa maziwa wa Mzee Shaame.

Siku Mzee Shaame alipomwoza binti yake Mize, bwana harusi, Makame, alibugia haluwa kwa haraka, akashikwa na kwikwi.

“Nimekubali kumuo... kwik!”

“Rudia,” akasema sheikh.

“Nimekubali ku... kwik!”

“Neno la ndoa halikatwi vipande kama muhogo. Rudia!”

Wageni walinusa pilau, wakaguna. Mzee Shaame akapaza sauti: “Atakayeikata kwikwi hii, mbuzi wangu wa maziwa ni wake!”

Bi Riziki, bibi yake Mize, akasema, “Kwikwi ni upepo uliopotea njia. Dawa yake bizari nyembamba, ileile inayomtuliza mtoto mwenye msokoto wa tumbo. Aitafune, aimeze taratibu.”

“Bizari yote imo sufuriani, bibi,” akajibu Bi Time. “Na duka liko ng'ambo ya mto.”

Akafunua sufuria. Akachambua bizari punje kwa punje, akijipuliza vidole.

“Mpishi gani huyu,” wageni wakamcheka, “anapika kinyumenyume!”

Alikuwa akimwona mbuzi.

Makame akatafuna, akameza. Kwikwi ikafifia, ikawa kama ya kifaranga. Mara Mize akaita nyuma ya pazia: “Baba, akikwama tena, muulizeni nduguye kama hajaoa!”

Makame akakodoa macho. Kwikwi haikuja. Kisha, kwa pumzi moja: “Nimekubali kumuoa Mize binti Shaame kwa mahari tuliyoagana!”

Watu wakala. Bi Time alipokwenda kufungua mbuzi, akakuta mikono miwili imeshatangulia kwenye kamba, wa Bi Riziki na wa Mize.

“Dawa niliijua mimi,” akasema Bi Riziki. “Bila mimi mngempiga mgongo mpaka magharibi.”

“Kujua hakuunguzi vidole, bibi. Tazama malengelenge haya!”

“Mwajisifu bure,” Mize akacheka. “Mbona ilinyamaza niliposema mimi?”

Wakamwita Makame aamue. Akamtazama mkewe. Akamtazama bibi. Akamtazama Bi Time, aliyekuwa bado na mwiko mkononi. Akafungua kinywa.

“Kwik!”

Basi nyie mliokula pilau ile isiyo na bizari, semeni: je, kamba ya mbuzi nani alistahili kuishika?