Ukuta wa Ndiva ya Irangwe

Mmoja husema, wawili husikika.

Bi Naelijwa aliyatamka maneno hayo bila kuinua kichwa, huku akichambua maharage barazani kwake. Vijana wa kwaya walikuwa wanatoka mazoezini, wakimlalamikia mwenzao mmoja aliyekataa jambo ambalo wengine wote walikuwa wamelikubali. Waliposikia hivyo wakasimama. Wakamuuliza msemo huo umetoka wapi, kwa kuwa waliusikia mara nyingi katika vikao vya wakubwa lakini hakuna aliyewahi kuwaeleza. Bibi akasogeza ungo pembeni, akawaambia wakae.

Methali hii ilianza hivi.

Kabla mabomba hayajafika huku milimani, watu wa Irangwe waliishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa la kuchimbwa, lenye ukuta wa mawe na udongo wa mfinyanzi. Maji ya kijito huingizwa humo kwa mfereji, na yakishajaa hufunguliwa yakanyweshe mashamba. Ndiva ya Irangwe ilikaa juu ya kijiji. Chini ya ukuta wake kulikuwa na migomba, na chini ya migomba zilikuwapo nyumba za watu.

Mwaka mmoja masika yalikuwa makali, yakabomoa upande mzima wa ukuta. Msimamizi wa ndiva, Mzee Mrutu, akaitisha msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu wa kufanya kazi. Mzee huyo alipendwa sana. Maji aliyagawa kwa haki, hata mwanawe wa kumzaa hakupata zamu ya ziada. Katika ujenzi ule alibeba mawe pamoja na vijana, na mgongo wake ukiwa umekwisha kupinda. Kazi ilipokamilika akachinja mbuzi wake mwenyewe, watu wakala wakashiba, wakasema ukuta kama huo haujapata kujengwa.

Sasa palikuwa na desturi. Siku ya kufungulia maji, wenye nyumba wote hukaa ukingoni kwa duara, na msimamizi humuuliza kila mmoja kwa zamu, "Ukuta umesimama?" Naye hujibu, "Umesimama." Wazee wa kale waliliweka swali lile ili lijibiwe kwa kweli. Lakini miaka ilipita, ukuta haukuleta matata, na jibu likageuka kama kuitikia amina.

Miongoni mwa wenye nyumba alikuwapo Mbonea, mkulima wa tangawizi, mtu wa makamo, mpole, asiye na ugomvi na jirani yeyote. Asubuhi ya siku ile alipita chini ya ukuta kukata majani ya mgomba ya kufunikia chakula cha sherehe. Mguu wake ukazama topeni hadi kifundoni. Akashangaa, maana mvua ilikuwa imekatika na ardhi yote imekauka. Ndani ya ndiva kulikuwa na maji kidogo tu, yaliyotiwa jana yake ili udongo ushikane. Akainama, akaona uzi wa maji ukichuruzika kati ya mawe mawili. Akaweka kidole. Maji yalikuwa baridi, na yalitoka yamebeba udongo.

"Hili lazima Mzee alijue," akajisemea.

Akapanda na majani yake begani. Huko juu alikuta ngoma zimekwisha kuanza, kinamama wanapakua makande, na Mzee Mrutu akamkumbatia kwa furaha. "Mwanangu Mbonea! Leo tunakunywa maji ya jasho letu!" Mbonea akatafuta neno la kuanzia, asilipate. Akaona si vizuri kuharibu furaha ya mzee wa watu mbele ya kadamnasi. Nitasema zamu yangu ikifika, akawaza, kwani swali si litaulizwa?

Duara likakaa, swali likaanza kuzunguka.

"Ukuta umesimama?"

"Umesimama," akajibu wa kwanza.

"Umesimama," akajibu wa pili, na watu wakapiga makofi.

Wa tatu alikuwa Elinazi, ambaye ndiye aliyepanga mawe ya msingi kwa mikono yake. Mbonea akamtazama usoni. Elinazi naye akajibu, "Umesimama," macho yake yakiwa kwenye majani ya chini.

Kila jibu lilipotoka, kile alichokiona Mbonea kilizidi kusinyaa. Pengine ulikuwa umande. Pengine pale pana chemchemi ya kale. Watu wote hawa wamepita njia ile ile asubuhi ya leo, wana macho kama yangu, na hakuna aliyesema kitu. Je, mimi peke yangu ndiye mjuzi? Jambo lililokuwa wazi kidoleni pake sasa lilimwia kama ndoto.

Zamu ikamfikia Namkunda. Huyu alikuwa mjane aliyeishi na mama mkwe wake kipofu, nyumba yao ikiwa ya kwanza chini ya migomba.

"Mama, ukuta umesimama?"

"Unavuja," akasema Namkunda.

Ngoma ilikuwa imenyamaza, lakini ilikuwa kana kwamba imenyamaza mara ya pili. Kisha mtu akacheka, na wengine wakamfuata.

"Unavuja wapi, Mama?" Mzee Mrutu akauliza.

"Chini, upande wa nyumba yangu. Na maji yenyewe yana udongo. Ukuta unaliwa kwa ndani, Mzee."

"Siku ya kuchanganya udongo wewe ulikuwa wapi?" akadakia mmoja. "Tumevunjika migongo, unakuja kutuletea nuksi!"

"Hebu tuache tule," akasema mwingine. "Umande huo."

Namkunda hakubishana. Akawatazama mmoja mmoja kuzunguka duara, taratibu, kama anayetafuta mtu anayemfahamu sokoni. Macho yake yakatua kwa Mbonea. Mbonea akainamisha kichwa.

Swali likaendelea. Waliofuata walijibu kwa sauti za juu zaidi, kama wanaofukuza ndege shambani. Likamfikia Mbonea.

"Ukuta umesimama?"

"Umesimama," akasema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

Basi mfereji ukafunguliwa. Maji yakaingia kwa kishindo, watoto wakashangilia, ngoma zikarudi. Namkunda akaondoka peke yake. Watu walikuwa wanakula walipomwona ng'ambo ya bonde, amembeba mama mkwe wake mgongoni, anapanda naye mlima wa pili huku akiteleza na kujishika kwenye vichaka. Kijana mmoja akatunga wimbo palepale wa mjane anayekimbia umande. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mbonea naye akacheka.

Akajisikia akicheka. Akautazama mguu wake. Tope lilikuwa limekauka kijivu hadi kifundoni, na hakuna umande unaopaka mtu namna ile. Kule ng'ambo yule mwanamke alianguka kwa magoti, akainuka na mzigo wake, akaendelea.

Mbonea akasimama. Aliyafahamu wazi yatakayompata: watamcheka kama walivyomcheka mjane, na Mzee Mrutu hatamwita tena mwanangu.

"Mzee," akasema, "ukuta unavuja. Nimeona mwenyewe leo asubuhi. Tazama mguu wangu."

Wimbo ukakatika.

"Si umejibu umesimama?"

"Nimejibu. Nimesema uongo, kwa sababu wote mmesema hivyo. Namkunda ndiye amesema kweli."

Hakuna aliyecheka. Punde Elinazi akaweka bakuli lake chini. "Hata mimi niliona," akasema. "Tangu jana. Nikadhani wenzangu wameukagua, labda mimi ndiye nisiyeelewa."

"Na mimi," akasema mama mmoja kutoka kwenye vyungu. "Nilipita na ndoo, nikateleza palepale."

"Na mimi."

"Mimi pia."

Sauti zikatoka huku na huku, hata za wale waliokuwa wakimzomea Namkunda. Wote wakamgeukia Mzee Mrutu, wakitarajia hasira. Mzee alikuwa ameduwaa, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Nami niliona," akasema kwa sauti ndogo. "Nikasema moyoni, watu wote hawa ni vijana, wana macho makali. Kama wao hawaoni kitu, basi ni uzee wangu unanifanya nione vibaya." Kisha akapiga fimbo chini. "Mnangoja nini? Fungeni mfereji! Watoeni watu kule chini!"

Wanaume wakakimbilia mfereji, wakauziba kwa mawe, kwa magogo, hata kwa meza ya chakula. Wengine wakateremka nyumba kwa nyumba, wakawatoa wagonjwa, wazazi wenye watoto wachanga na mbuzi waliofungwa mazizini. Mbonea aliingia na kutoka mpaka pumzi ikamwishia. Walipokuwa wamerudi juu, ukuta ukakohoa. Ndivyo waliousikia walivyosimulia siku zote, kwamba ulikohoa kama mtu. Mawe ya chini yakachomoka, na maji yakashuka. Ndiva ilikuwa haijajaa hata nusu, lakini yalitosha kung'oa migomba na kuzoa nyumba mbili. Nyumba moja ilikuwa ya Namkunda. Mtu hakufa hata mmoja.

Jioni ile watu walimfuata Namkunda mlimani, Mzee Mrutu akiwa mbele. Wakamwomba radhi, wakaahidi kumjengea. Kisha, kama ilivyo kawaida ya watu walioponea chupuchupu, wakaanza kumsifu Mbonea. Wakasema bila Mbonea wangekuwa wanazika.

Namkunda aliwasikiliza wamalize. Alikuwa amekaa chini, magoti yamechubuka, mama mkwe amemlalia mapajani.

"Alichosema Mbonea ni nini?" akauliza.

"Kwamba ukuta unavuja," wakajibu.

"Na mimi nilisema nini?"

"Kwamba unavuja," akajibu Mzee Mrutu.

"Maneno ni yale yale," akasema Namkunda. "Mimi sikukosea kusema, wala yeye hakusema vizuri kunishinda. Mmoja husema, wawili husikika." Akamgeukia Mbonea, wala hapakuwa na tabasamu usoni pake. "Ungeongeza lako palepale, ndugu yangu, maji yasingefunguliwa kabisa. Leo ningelala kwangu."

Mbonea ndiye aliyechimba msingi wa nyumba mpya ya Namkunda, na yeye ndiye aliyeezeka paa lake, bila kungoja msaragambo.

Desturi ya swali haikufutwa Irangwe. Iliongezwa kitu kimoja. Tangu hapo, mtu akijibu tofauti na wenzake, msimamizi haruhusiwi kuendelea na duara. Husimama, akawatazama wote, akauliza, "Yuko wa pili?" Na hungoja. Hungoja hata kimya kikiwa kizito, hata watu wakianza kujikuna, kwa kuwa siku zote wa pili yupo, ila naye anamngoja mwenzake.

Hapo ndipo wazee walipoanza kuwaambia watu kwamba mmoja husema, wawili husikika.