Kwa Nini Paka Hunusa Kabla ya Kula

Sogeeni karibu, na anayedhani hii anaijua afunge mdomo, maana haijui kama mimi. Shule niliiaga mapema, tukaagana vizuri tu, lakini mambo ya paka niulizeni mimi. Nyinyi mliosoma mnasema paka ana maringo. Mnamwekea samaki mwenye kachumbari juu, ananusa, anageuka, anakwenda zake, nanyi mnanuna kama mliokataliwa posa. Haya, sikilizeni.

Zamani hizo paka hakuwa na maringo hata chembe. Aliishi porini, akila alichokamata, basi. Masika moja mvua ilipozidi, wa kwanza wao akaingia katika nyumba ya Bi Kidawa, mjane wa kijiji cha Mkongoni, kando ya mto. Alikuwa amelowa chepechepe. Bi Kidawa akamfuta kwa upindo wa kanga yake, akamwachia nusu ya mkeka. Panya waliposikia habari wakahama wenyewe. Na mjane yule, aliyekuwa hana mtoto wala mtu wa kusema naye jioni, akawa na mtu.

Sasa pale Mkongoni kulikuwa na desturi ngumu kuliko jiwe: mgeni hapewi chukuchuku. Kumpa chakula kisichoungwa ni kumtukana. Mgeni naye hasazi, kwani kusaza ni kumwambia mwenyeji hajui kupika. Na Paka alikuwa mgeni. Basi Bi Kidawa alimtengea sahani yake, akamwekea perege aliyesuguliwa kitunguu saumu na chumvi, akammwagia rojo la vitunguu maji, pilipili pembeni, achari juu, akampa kwa mikono miwili. Paka akala. Mdomo ukamwaka, macho yakamtiririka, akalamba sahani mpaka ikang'aa.

Jirani yao Mashavu, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, alichungulia akasema, "Shoga, mgeni wako analia."

"Utamu huo," akajibu Bi Kidawa, na kesho yake akaongeza vitunguu.

Mnacheka. Hata mimi hucheka hapa, halafu huacha. Maana Paka alianza kukonda. Fizi zake zilipauka kama ganda la yai, pumzi ikawa fupi, kuvuka kizingiti kukawa safari. Bi Kidawa akadhani heshima yake haijatosha, na kila Paka alipodhoofika yeye alizidisha viungo. Alimpenda kiasi hicho. Alikuwa anamuua kwa kumpenda, wala hajui.

Asubuhi moja Paka hakuinuka mkekani. Bi Kidawa akaenda mtoni kununua samaki, akarudi, akakaa uani kumpara magamba, lakini machozi yakamshinda. Nguvu ya kutwanga saumu hana, ya kuwasha moto hana. Alishamzika mumewe kutoka nyumba ile. Hakujua kama ataweza kuzika tena. Akiwa katika hali hiyo, akahisi kitu kinamgusa vidole. Paka alikuwa amejikokota hadi uani, na sasa alikuwa analamba kipande cha samaki mkononi mwake, taratibu, kama anayekumbuka jambo. Bi Kidawa akakivuta kwa aibu, kwa kuwa kilikuwa hakijaungwa. Paka akaweka mguu wake juu ya kiganja cha mama yule, akakizuia.

"Mama," akasema, "hiki ndicho ninachokiweza. Vile viungo vyako vinanimaliza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanipa kwa mikono miwili. Ningekataaje?"

Bi Kidawa akainuka, akawasha moto. Akachemsha samaki kwa maji matupu, akamtoa miiba, akampuliza mpaka akapoa, akamlisha Paka kwa vidole. Akafanya hivyo siku ile na siku zilizofuata, hadi fizi zikarudiwa na rangi na makucha yakaanza tena kuharibu mkeka. Mashavu alipopita akaiona chukuchuku ile, akauliza tangu lini mgeni anatukanwa mchana kweupe. Bi Kidawa hata hakumgeukia. Alimtazama Paka, akasema:

"Huyu si mgeni tena. Mgeni hula anachopewa. Mwenye nyumba hunusa kwanza, na asipotaka huacha."

Na tangu siku hiyo, mpishi mwenye huruma hutenga kipande cha paka kabla kitunguu hakijaingia chunguni. Na paka, hata umwekee nini, hutanguliza pua. Kwa hiyo akiinusa achari yako, akakugeuzia mgongo na mkia juu, usinune, ewe msomi. Hajakudharau. Anajua tu kwamba yuko kwao.