Zamu ya Tanuri

Mtu mmoja alikuwa na unga wa kuoka na hakuwa na kuni. Jina lake Anselm, mfumaji wa kitani katika kijiji cha bondeni huko Ujerumani, miaka ile kazi ilipokauka karibu dunia nzima. Alikuwa na mke, Walburga, na binti wa miaka minne. Kiwanda alichofanya kazi kilifungwa Jumatatu. Jumanne Anselm aliamka saa ileile, akavaa, akaketi kitandani na viatu miguuni, kwa kuwa mwili wake haukujua jambo jingine la kufanya.

Kijiji kile kilikuwa na tanuri moja la mawe kwa nyumba zote kumi na nane, nalo liliwashwa kila Alhamisi. Anayeoka kwanza hulikuta baridi, na tanuri baridi humeza mzigo mzima wa kuni kabla halijapata moto. Wa pili hutia kidogo, na wa mwisho karibu huoka kwa joto la wenzake. Basi ili mtu asionewe, kila nyumba ilikuwa na kibao chake chenye alama, na vibao vyote vilitiwa mfukoni, vikachomolewa kimoja kimoja. Aliyetoka kwanza aliguna, wenzake wakamtania, naye akabeba kuni zake. Mfuko haukumjua mchungaji wa kanisa wala mchunga nguruwe. Ulikuwa utaratibu mzuri, na kama mambo mengi mazuri, hakuna aliyeusifu.

Dhiki ilipoingia, utani ukaisha. Msitu ulikuwa mali ya bwana mmoja wa mjini, na kuokota hata tawi kulikuwa kosa. Aliyetoka kwanza sasa alijifungia ndani, akingoja mwingine awashe, na huyo mwingine naye akamngoja mwenzake. Alhamisi nyingine tanuri halikuwashwa kabisa, na unga ukapikwa uji. Watu wakaanza kusema mfuko una hila. Wakabadilisha mshika mfuko mara nne kwa mwaka mmoja, na kila aliyeushika alionekana mwizi machoni pa wale waliomkataa. Ukweli ni kwamba mfuko haukuwa na kosa. Kuni ndizo zilizokuwa hazipo.

Januari kibao cha Anselm kikatoka kwanza. Alikuwa na fito tatu alizong'oa kwenye uzio, na aibu tele. Hapo akaja jirani yake Natan, Myahudi aliyeuza vifungo na nyuzi, ambaye babu yake alichangia mawe ya tanuri lile kama mababu wa wengine. Natan alikuwa na mbao mgongoni. Alikuwa ameivunja meza ya duka lake.

"Hakuna anayenunua vifungo siku hizi, jirani," alisema. "Meza inakaa bure."

Wakawasha pamoja. Wakaketi mbele ya mlango wa tanuri wakiota moto, wanaume wawili wazima wasio na kazi, wakicheka kwa sababu rangi ya ile meza ilinuka vibaya ilipoungua. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Anselm alilijua hilo. Msidhani kwamba baadaye alilisahau. Ingekuwa rahisi kumsamehe kama angesahau.

Mwezi wa pili akaja mtu aitwaye Gundolf, na gari la farasi lililojaa kuni. Alisimama mbele ya tanuri akatangaza kwamba hakuna nyumba itakayotoka kwanza tena, maana yeye mwenyewe atawasha kila Alhamisi. Alitaka mambo mawili tu. Wampe mfuko na vibao vyake, kwa kuwa hautakuwa na kazi tena. Na nyumba ya Natan isioke pale, kwa kuwa ndiyo iliyoharibu bahati ya kijiji. Hakuleta ushahidi, wala hakuna aliyemwuliza. Mwaka wa shibe wangemcheka mpaka aondoke na gari lake. Lakini sasa walikuwa wakizitazama zile kuni.

Akasema wanaokubali wainue mikono. Natan alikuwepo, amesimama kofia mkononi kama mtu aliyefika mazishini. Anselm alikuwa amempakata binti yake, ambaye alikuwa mwepesi kuliko alivyokuwa wakati wa mavuno. Mkono mmoja ulimshika mtoto. Wa pili ulikuwa huru. Waliokataa walikuwepo, wawili watatu, na Walburga alikuwa mmoja wao. Alificha mikono yake chini ya aproni na kuutazama ukuta. Anselm aliuinua mkono wake, si juu sana, kiasi cha bega. Ulihesabiwa sawa na mikono iliyonyooka.

Ndugu zangu, mimi simchukii Anselm. Mwenye njaa hana miiko, na mimi sijapata kumsikia mwanangu akiomba mkate usingizini. Nikimfikiria namwonea huruma hata leo. Alhamisi ile mkate ulitoka tanurini ukifuka mvuke. Mtoto akala mpaka akasinzia na kipande mkononi, na baba yake akalia kwa furaha. Kisha akakata mkate wa pili nusu kwa nusu, akafunga nusu moja kwa kitambaa safi, akaenda mlangoni kwa Natan kabla jua halijazama.

Natan aliupokea kwa mikono miwili. Hakumtukana wala hakumfungia mlango. Alimtazama kwa upole, akasema:

"Mkate nimeupokea, Anselm, na Mungu akubariki. Lakini mimi sikuutaka mkate wako. Nilitaka zamu yangu."

Anselm alikwenda kesho yake asubuhi kumwomba Gundolf akirudishe kibao cha Natan mfukoni. Njiani alijisemea kwamba atazungumza kwa heshima, na kwamba mtu aliyelisha kijiji kizima hawezi kukataa jambo dogo namna hii. Gundolf hakukasirika hata kidogo. Alimpeleka kwenye tanuri, akamwonyesha majivu yaliyomo. Kuni za gari zilikuwa na unyevu, akaeleza, na vile vibao vilikuwa vikavu kweli. Basi alivitumia kuwashia moto wa kwanza, vyote kumi na vinane, na mfuko juu yake.

Anselm akapiga magoti, akaanza kupekua majivu kwa vidole. Alianza kwa kutafuta alama ya Natan. Kisha, polepole, akawa anatafuta ya kwake.

Nanyi mnaonisikiliza mmeshiba: siku kuni zitakapoisha kwenu, zamu ya nani mtaitoa kwanza?